Herufi zinazofuata jina la rubani: tuzisome nishani za Sailor Malan

Tafuta picha ya Adolph Gysbert Malan, rubani wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa kwenye sare, iliyopigwa mwaka 1942 au baadaye. Usianze na uso. Anza juu ya mfuko wa kushoto wa koti. Utaona mabawa ya urubani yaliyotariziwa, na chini yake vipande vya utepe vimepangwa safu moja, kila kimoja upana wa vidole viwili hivi. Kilicho karibu zaidi na vifungo vya koti kinaonekana kimekolea katikati na kuwa na kingo mbili. Picha haina rangi, lakini utepe wenyewe ni mwekundu ulioiva wenye kingo za buluu. Kinachofuata kina mistari ya mshazari, zambarau na nyeupe. Juu ya kila kimoja pameshikizwa kiua kidogo cha fedha.

Tepe mbili na viua viwili. Vitabuni vitu hivyo vinne vinageuka kuwa herufi zinazofuata jina lake: DSO (Distinguished Service Order) na kipau, DFC (Distinguished Flying Cross) na kipau, yaani kila nishani mara mbili. Wengi wetu tukifika hapo tunaandika tu kwamba "alipata medali nyingi za ushujaa" na kuendelea na habari. Nadhani tunapoteza mengi tukifanya hivyo. Kila herufi pale ina maana yake, ina sheria zake, na ina mtu aliyekaa mezani akaandika kwa nini huyu apewe na yule asipewe. Ukijua kuisoma safu ile ya tepe unajua mtu alikuwa na cheo gani, alifanya nini, lini, na nani alimwona.

Malan alizaliwa mwaka 1910 huko Wellington, jimbo la Cape, Afrika Kusini, katika familia ya Kiafrikana. Akiwa kijana aliingia katika meli ya mafunzo iitwayo General Botha, kisha akafanya kazi baharini katika kampuni ya meli ya Union-Castle. Ndiyo maana alipojiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, katikati ya miaka ya 1930, wenzake walimwita Sailor, yaani baharia, na jina hilo likamganda hadi kaburini. Alipangiwa Kikosi cha 74, ambacho baadaye kilipewa ndege aina ya Spitfire. Vita vilipoanza mwaka 1939 hakuwa na utepe wowote kifuani.

Kabla ya kuingia kwenye nishani zake, tutenganishe vitu viwili ambavyo vinachanganywa kila siku, hata magazetini. Kuna medali ya vita na kuna nishani ya ushujaa. Medali ya vita unaipata kwa kuwepo. Kwetu Afrika Mashariki, wazee waliokuwa KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na kupelekwa Burma walirudi na nyota ya shaba yenye ncha sita. Nyumba nyingi ziliihifadhi ndani ya kopo au kwenye sanduku la bati pamoja na hati za kazi. Nyota ile, Burma Star, ilitolewa kwa aliyepigana mstari wa mbele na kwa aliyebeba risasi, ilimradi alikuwepo mahali na muda uliotajwa. Haisemi kwamba mzee alikuwa shujaa, na haisemi kwamba hakuwa. Inasema alikuwepo, na kuwepo Burma mwaka 1944 katika matope ya bonde la Kabaw hakukuwa jambo dogo.

Malan naye alikuwa na nyota za aina hiyo. Katika utepe wa nyota moja, ile ya 1939–45, marubani wa ndege za kivita waliopigana kuilinda Uingereza mwaka 1940 waliwekewa kibao kidogo chenye maneno ya Vita vya Anga vya Uingereza. Sharti lilikuwa angalau safari moja ya kivita kati ya 10 Julai na 31 Oktoba 1940, katika kikosi kilichotambuliwa. Walioistahili ni karibu watu 3,000. Ni heshima inayowekwa juu sana hadi leo, ingawa kwa taratibu za kijeshi bado ni ya kuwepo tu.

Nishani ya ushujaa ni jambo lingine. Hiyo lazima mtu akupendekeze.

Na hapa ndipo panapoanza kuwa pagumu, kwa sababu kitu cha kwanza kilichoulizwa kuhusu rubani hakikuwa alichokifanya. Kilichoulizwa kilikuwa cheo. Hadi mwaka 1993 Uingereza ilikuwa na ngazi mbili za nishani, moja ya maofisa na nyingine ya askari wa vyeo vya chini. RAF ilipozaliwa mwaka 1918 iliirithi desturi hiyo. Mwezi Juni mwaka huohuo zikaanzishwa nishani mbili za kupigana angani: DFC, msalaba wa fedha kwa maofisa na wale wa cheo cha wateule, na DFM, medali ya fedha yenye umbo la yai kwa masajini na walio chini yao. Tendo lingeweza kuwa lilelile, angani palepale, saa ileile. Aliye ofisa alipata msalaba, na sajini alipata medali.

Tepe zake zinafanana mno. Zote ni zambarau na nyeupe, mistari ya mshazari. Mistari ya DFM ndiyo myembamba zaidi. Ukiwa hatua tatu kutoka kwa mtu huwezi kutofautisha. Ila katika chumba cha kulia chakula cha maofisa hapakuwa na haja ya kuangalia utepe, maana sajini hakuingia humo.

James Lacey, ambaye wenzake walimwita Ginger, alikuwa sajini katika Kikosi cha 501 mwaka 1940, na alikuwa miongoni mwa marubani walioangusha ndege nyingi kuliko wote katika vita vile. Alipata DFM na kipau chake. Josef František, Mcheki aliyeruka na kikosi cha Wapolandi namba 303, aliangusha ndege 17 ndani ya mwezi mmoja. Naye alikuwa sajini, naye akapata DFM. Ukizisoma herufi hizo ukidhani DFM ni ndogo kuliko DFC, umewakosea watu hawa. Takwimu zenyewe zinageuza picha: katika Vita vya Pili vya Dunia DFC zilizotolewa zilizidi 20,000, DFM zilizidi 6,000 kidogo tu, ingawa masajini walikuwa wengi mno katika ndege. Sajini alihitaji kufanya zaidi ili aonekane.

Malan alikuwa ofisa. Kwa hiyo mlango wake ulikuwa wa msalaba.

DFC yake ya kwanza ilitangazwa Juni 1940, baada ya mapigano ya Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Mwishoni mwa Mei wanajeshi wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wamebanwa ufukweni wakisubiri meli, na Kikosi cha 74 kilikuwa kinavuka bahari kila siku kupambana na ndege za Wajerumani zilizokuwa zinawapiga. Katika siku hizo chache Malan alihesabiwa kuangusha ndege tano. Watu husema kwamba ndege tano ndizo zilizokuwa bei ya DFC. Si kweli kwa maana ya sheria. Hapakuwa na kanuni ya RAF iliyotaja namba. Maneno ya msingi ya nishani ni ushujaa, moyo au kujitolea kazini wakati wa kuruka katika mapambano dhidi ya adui. Ila kamanda wa kikosi aliyekuwa anaandika pendekezo usiku, amechoka, alihitaji kitu cha kushika, na namba ndiyo rahisi kushika. Mwaka 1940 rubani aliyefikisha tano alikuwa na nafasi nzuri ya kuandikwa.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi na namba. Kwao mwaka ule rubani wa ndege za kivita aliyefikisha ndege 20 alitarajia Msalaba wa Shujaa unaovaliwa shingoni, na aliyefikisha 40 aliongezewa majani ya mwaloni. Vita vilivyoendelea, idadi ilipandishwa na kupandishwa. Mfumo huo ulizalisha marubani wenye hesabu kubwa sana, na pia ulizalisha watu waliokuwa wanaruka wakiifikiria shingo yao. Sisemi Waingereza walikuwa watakatifu. Nasema karatasi zao ziliuliza swali tofauti kidogo, na jibu tunaliona vizuri zaidi katika DSO.

Twende kwanza kwenye kile kiua cha fedha. Mtu akistahili nishani ileile mara ya pili hapewi msalaba wa pili. Anapewa kipau, yaani kipande cha madini kilicholala, kinachopitishwa kwenye utepe juu ya msalaba; cha DFC ni cha fedha, chenye tai katikati. Siku za kawaida misalaba haivaliwi, zinavaliwa tepe peke yake, hivyo kipau kinawakilishwa na kiua. Kila kiua kina maana ya "tena".

"Tena" ya Malan ilitokana na usiku mmoja wa Juni 1940. Spitfire haikutengenezwa kwa ajili ya usiku. Pua yake ndefu inamzibia rubani mbele wakati wa kutua, na miali inayotoka kwenye mabomba ya moshi, pembeni mwa injini, inamtia upofu gizani. Usiku ule kulikuwa na mbalamwezi, na ndege za mabomu za Wajerumani zilikuwa zinapita juu ya Essex, eneo ambalo mkewe alikuwa ametoka kujifungua mtoto wao wa kwanza. Aliomba ruhusa ya kuruka, akaruka peke yake, akaangusha Heinkel mbili zilizokuwa zimenaswa kwenye mwanga wa kurunzi za ardhini. Wakati ule hapakuwa na rubani wa Spitfire aliyekuwa amefanya hivyo. Kipau cha DFC kilitangazwa Agosti.

Msalaba wenyewe ukiushika mkononi unaweza kukushangaza. Ni wa fedha, umechorwa panga boi za ndege, ncha tatu zimeishia na umbo la bomu na ya juu na ua la waridi. Nyuma, chini, umechongwa mwaka. Jina la mtu halipo. Msalaba wa Malan na wa mwingine yeyote wa mwaka uleule ni sawasawa kama sarafu mbili. Kilichoufanya uwe wake ni karatasi: tangazo katika gazeti rasmi la serikali, The London Gazette, lenye jina, namba, kikosi, na mara nyingi aya fupi ya kueleza sababu. Ndiyo maana wanaonunua na kuuza nishani wanahangaika na karatasi kuliko na fedha yenyewe.

Tukizisoma aya hizo za Malan, tunaona jambo zuri. DSO yake ilitangazwa 24 Desemba 1940. Wakati huo alikuwa kamanda wa Kikosi cha 74 tangu tarehe 8 Agosti. Maelezo yake hayaanzi na ndege alizoangusha yeye. Yanaanza na kikosi: kwamba amekiongoza kwa mafanikio makubwa, na kwamba tangu mwanzoni mwa Agosti kikosi hicho kimeangusha ndege zisizopungua 84. Baada ya hapo tu ndipo linapokuja la kwake binafsi, kwamba yeye mwenyewe ameangusha zisizopungua 18. Mpangilio huo wa sentensi ndio tofauti kati ya DFC na DSO.

DSO ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1886. Kwa Kiswahili cha kiserikali cha Tanzania tungeiita Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Ilikuwa ya maofisa, na kwa desturi ilikwenda kwa wenye amri: aliyeongoza kikosi, aliyeamua wapi watu waende na lini warudi. DFC inakutazama wewe na ndege yako, na DSO inatazama wale walioruka nyuma yako. Malan aliandika kanuni kumi za kupigana angani ambazo zilibandikwa katika vituo vingi vya RAF: ngoja hadi uone weupe wa macho yake, usiruke sawasawa kwa zaidi ya nusu dakika mahali penye mapigano, geuka umkabili anayekushambulia, ingia upesi, piga kwa nguvu, toka. Vijana wa miaka 19 waliokuwa na saa chache za Spitfire walizisoma kabla ya kupanda. Hakuna rubani anayeweza kuhesabu ni wangapi walirudi salama kwa sababu ya karatasi ile, lakini kazi ya aina hiyo ndiyo DSO inajaribu kuitambua.

Kipau cha DSO kilifuata 22 Julai 1941. Sasa alikuwa anaongoza vikosi kadhaa kwa pamoja kutoka kituo cha RAF cha Biggin Hill, wakivuka kwenda Ufaransa kaskazini. Maelezo yanasema hesabu yake imepanda kutoka 19 hadi 28, na kwamba katika wiki mbili vikosi vyake vimeangusha ndege 42.

Hapa lazima tuweke breki. Namba zile ziliandikwa kwa nia njema na zilikuwa kubwa kuliko ukweli. Rubani anaona ndege ya adui inatoa moshi na kupiga mbizi kuingia mawinguni. Hawezi kuifuata kuhakikisha, kwa sababu nyuma yake kuna mwingine. Marubani watatu wanaweza kuipiga ndege ileile na kila mmoja akairipoti. Mapigano yakiwa juu ya Uingereza mabaki yanaokotwa mashambani na kuhesabiwa. Yakiwa juu ya Ufaransa iliyotekwa hakuna wa kuokota. Baada ya vita kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa, ilionekana kwamba madai ya RAF ya majira ya joto ya 1941 yalizidi sana hasara halisi za adui. Pande zote zilikuwa na tatizo hilo. Leo Malan huhesabiwa ndege 27 peke yake na 7 kwa kushirikiana, na hata hizo ni madai yaliyothibitishwa kwa vigezo vya siku zile. Kwa hiyo maelezo ya nishani tuyasome kama alichokiamini kamanda siku alipotia sahihi. Uongozi wa Malan, ambao ndio hasa uliopewa DSO, haukutegemea kama ni 42 au pungufu.

Msomaji makini atauliza: mtu kama huyu kwa nini hana Msalaba wa Victoria?

Nishani hiyo, VC, ilianzishwa 1856 na iko juu ya zote. Haina ngazi ya maofisa na ya askari, wote wanapata ileile. Katika vita vyote vya 1939 hadi 1945, jeshi zima la ndege za kivita lililolinda Uingereza lilipata moja tu. Aliipata James Nicolson wa Kikosi cha 249, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na adui angani. Tarehe 16 Agosti 1940, karibu na Southampton, ndege yake aina ya Hurricane ilipigwa, akajeruhiwa jicho na mguu, moto ukawaka chumbani mwake. Alikuwa anajitayarisha kuruka na mwavuli alipoiona ndege ya Kijerumani imepita mbele yake. Akarudi kukaa ndani ya moto, akaifyatulia risasi hadi mikono ikaungua vibaya, ndipo akaruka. Akiwa anashuka na mwavuli alipigwa risasi na watu wa ardhini wa upande wake mwenyewe, waliodhani ni Mjerumani.

VC inadai tendo moja la aina hiyo, lenye hatari ya kufa iliyo wazi, na inadai mashahidi. Rubani wa ndege ya kiti kimoja yuko peke yake. Walioona karibu mara nyingi ni wale aliokuwa anapigana nao. Halafu umahiri wa Malan ulikuwa wa kinyume kabisa: kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha hafiki mahali ambapo atalazimika kukaa ndani ya moto. Mfumo ulikuwa na DSO kwa ajili ya watu wa namna yake.

Ila DSO ina sura nyingine, na mfano wake bora umetokea upande wetu huu wa Afrika. Mwanzoni mwa 1941 marubani wa Afrika Kusini walikuwa wanapigana na Waitaliano Ethiopia, baada ya kuanzia kazi Kenya. Tarehe 15 Machi Kapteni John Frost, aliyekuwa anaongoza Hurricane za Kikosi cha 3, alishambulia uwanja wa ndege wa Dire Dawa. Ndege yake ilipigwa na mizinga, akatua kwa lazima kwenye kiwanja cha karibu, ardhi ya adui, akaanza kuiteketeza ndege isitekwe. Luteni Robert Kershaw aliyekuwa angani aliona. Akashusha magurudumu akatua, huku wenzake wakiwapiga Waitaliano kutoka juu ili wasisogee. Hurricane ina kiti kimoja, na humo ndani bega linagusa ukuta. Walitupa mwavuli nje ili nafasi ipatikane, mmoja akaketi, mwenzake akaketi mapajani pake, wakaondoka hivyo hadi kambini.

Kershaw alipewa DSO. Alikuwa luteni, hakuwa na kikosi cha kuongoza. DSO ikienda kwa ofisa wa chini kiasi hicho, wanajeshi wanajua kuisoma: maana yake alikaribia VC. Herufi tatu zilezile, kwenye kifua cha kamanda zinasema "aliongoza vizuri," kwenye kifua cha luteni zinasema "alifanya jambo lisilo la kawaida." Bila kujua cheo cha mtu siku ile, huwezi kuzisoma sawasawa. Frost naye alikuwa na DFC. Alipotea Juni 1942 katika jangwa la Libya akiwa ndiye aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote katika Jeshi la Anga la Afrika Kusini, na mwili wake haukupatikana.

Malan alikuwa na nishani za kigeni pia: za Ufaransa, Ubelgiji na Chekoslovakia. Haina maana alipigania serikali hizo. Nchi zilipotekwa, serikali zao zilihamia London, na marubani wao wakawa wanaruka chini ya makamanda wa RAF. Mwaka 1944 Malan mwenyewe aliongoza kundi la vikosi vya Wafaransa. Serikali isiyo na ardhi ilikuwa na njia chache za kusema asante, na nishani ilikuwa mojawapo. Katika safu ya tepe, nishani za kigeni hukaa mwisho, baada ya za nyumbani na za vita.

Kuna kitu kimoja tepe hazisemi kamwe. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya nne ya vita, Spitfire za Kikosi cha 74 zilizoongozwa na Malan zilishambulia ndege za RAF yenyewe kwa kudhani ni za adui. Rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, aliuawa. Marubani wawili walishtakiwa kijeshi, na Malan akatoa ushahidi upande wa mashtaka dhidi ya vijana wake mwenyewe. Waliachiwa. Mmoja wao, John Freeborn, aliendelea kuruka chini ya Malan huyohuyo, akapata DFC na baadaye kipau, na hakuusahau ushahidi ule maisha yake yote. Kwa hiyo katika kikosi kimoja palikuwa na vifua viwili vyenye utepe uleule na kiua kilekile, na wenye vifua hivyo hawakuwa marafiki. Nimeona niliseme hili kwa sababu tukimpenda shujaa tunapenda pia kumsafisha.

Sasa tufike kwenye swali ambalo kwangu ndilo zito: nani aliruhusiwa hata kupendekezwa? Ili upate DFC lazima kwanza uwe ndani ya ndege. Kabla ya vita RAF haikupokea mtu mweusi kuwa ofisa. Kizuizi hicho kiliondolewa Oktoba 1939, na hapo ndipo vijana wa Karibi na Afrika Magharibi walipoanza kuingia. Mmoja wao Watanzania wengi wa umri fulani wanalijua jina lake bila kujua alikotoka. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa mwongozaji njia katika ndege za mabomu aina ya Mosquito, akaruka safari 80 za kivita, akapata DFC na DSO mwaka 1944. Miaka ya 1960 alikuja Tanzania akawa Jaji wa Mahakama Kuu na kuongoza Mahakama ya Kudumu ya Kazi. Mawakili waliosimama mbele yake walikuwa wanasimama mbele ya herufi sita zilizopatikana juu ya Ujerumani usiku.

Katika Jeshi la Anga la Afrika Kusini mlango huo haukufunguliwa. Mwafrika mweusi wa nchi ile hakupewa hata bunduki. Alikuwa mchimbaji wa mahandaki, dereva, mbeba majeruhi. Lucas Majozi alikuwa mbeba machela katika mapigano ya El Alamein, Misri, Oktoba 1942. Alijeruhiwa mwenyewe, akaambiwa arudi nyuma atibiwe, akakataa na kuendelea kubeba watu chini ya risasi usiku kucha. Alipata DCM, nishani iliyokuwa chini ya VC tu kwa askari wasio maofisa. Na KAR yetu? Hadi 1942 askari wa KAR alipewa DCM ya peke yake, iliyoandikwa jina la jeshi lake juu ya chuma, iliyotenganishwa na ile ya askari wa Uingereza. Ushujaa uleule ulikuwa na daftari lake la pembeni.

Malan alirudi Afrika Kusini baada ya vita. Mwaka 1951 serikali ya chama cha National ilileta muswada wa kuwaondoa wapiga kura wa asili ya mchanganyiko wa jimbo la Cape katika daftari la pamoja la wapiga kura. Askari wa zamani wakakasirika, wakaanza maandamano ya usiku wakibeba mienge, wengi wakiwa wamevaa medali zao. Malan akawa rais wao. Mwezi Mei msafara wa magari ulitoka kaskazini hadi Cape Town, yeye akiwa mmoja wa viongozi pamoja na Dolf de la Rey, mzee aliyewahi kupigana dhidi ya Waingereza katika Vita vya Makaburu. Katika hotuba zake Malan alirudia jambo moja: waliopigania uhuru ng'ambo hawatakubali kunyang'anywa matunda yake nyumbani.

Harakati hiyo, Torch Commando, ilikuwa na kasoro yake kubwa. Ilisitasita kuhusu kuwaandikisha askari wa zamani wa asili ya mchanganyiko, watu walewale ambao kura zao zilikuwa zinatetewa, na ambao nao walikuwa na nyota za shaba za Afrika Kaskazini kwenye makoti. Baada ya uchaguzi wa 1953 ikafifia. Mwaka 1956 wapiga kura wale waliondolewa katika daftari. Malan alikuwa amerudi kwenye kondoo wake karibu na Kimberley, ugonjwa wa kutetemeka ukaanza kumchukua mikono, akafariki 17 Septemba 1963. Gazeti rasmi la London halikuwa na utepe kwa ajili ya barabara ile ya kwenda Cape Town, na la Pretoria halingeweza kuwa nao.